Tundu Refu Kwenye Ubao

Nina kovu kwenye paja la kushoto. Mtu akisikia kwamba niliwahi kupigwa risasi anategemea kovu la mviringo, kama alama ya chanjo. Langu ni refu na jembamba. Risasi iliyoniingia haikutanguliza ncha, ilikuja ubavu. Na aliyeifyatua ni baba yangu mdogo, mtu aliyenilea, niliyempenda kuliko wote, na nampenda mpaka leo ingawa tulishamzika.

Naandika kwa sababu huku kwetu bado wapo wanaosema siku ile alikuwa amelewa. Hakulewa. Wenye makosa nawajua, na nitawataja kwa kazi zao. Majina mama alinikataza. Alisema wana watoto, na watoto hawakununua risasi. Wa kwanza ni mwenye duka wa Dongobesh. Wa pili ni mtendaji wa kijiji chetu wa wakati ule. Wapo na wengine wawili, nao nitawafikia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikirudia maneno.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, tukiwa Endagikot. Shamba letu kule lilikuwa dogo, limegawanywa mpaka limebaki kama mkeka. Baba mdogo alikuwa ameshateremka Hanang, upande wa Gendabi, akapata ardhi. Alikuja na punda wawili akatuchukua mama na mimi, vyungu vyetu, na mlango wa nyumba. Ndiyo, mlango aliung'oa. Alisema mbao nzuri haiachwi. Yeye alikuwa mgane, hana mtoto. Alitujengea nyumba karibu na yake, uwanja mmoja, na tangu siku hiyo nikamwita baba tu.

Alikuwa na bunduki. Ujanani alifanya kazi ya kubebea wawindaji silaha, akakaa miezi mingi Arusha kwa fundi wa bunduki, akifagia na kutazama. Bunduki yake aliinunua kihalali, ina leseni, na kijiji kizima kilimtegemea, maana nyani wa mlimani walikuwa wakishuka mahindi yakianza kubeba maziwa, na nyani hali mahindi, anayaharibu. Anavunja hindi, analiuma mara moja, analitupa, anashika jingine. Afisa wanyamapori akitoa kibali, baba mdogo anapiga dume mmoja, kundi linarudi mlimani, na watu wanavuna.

Kila Jumamosi baada ya chakula alitandika ngozi ya mbuzi uwanjani akaisafisha bunduki ile. Mimi ndiye niliyemshikia mafuta. Mama hakupenda.

"Shemeji, huyu ni msichana," alikuwa akisema. "Mfundishe kitu cha kumsaidia kwa mumewe."

"Mume akija na bunduki chafu itamsaidia," baba mdogo anajibu, na mama anaondoka akicheka kwa hasira.

Siku moja nilimwuliza kwa nini ndani ya mtutu kuna mistari. Nilikuwa nimechungulia kwenye mwanga nikaiona, mistari imezunguka kuelekea mbele. Akaniambia, umewahi kuona maharage yanavyopanda kwenye bua la hindi? Hayaendi wima, yanajizungusha. Basi mifereji ya mtutu ndiyo hivyo, inapanda ikizunguka. Risasi ikisukumwa na baruti inang'ang'ania mifereji ile, na ikitoka nje inakuwa inazunguka. Ule mzunguko ndio unaoifanya iende ikitanguliza ncha.

"Isipozunguka?"

"Inapepesuka. Lete pia yako."

Nilikuwa na pia ya mti, ya kuchapa kwa kamba. Akaizungusha juu ya jiwe, ikasimama, ikaimba. Ilipopungua mwendo ikaanza kuyumba, ikalala. Kisha akachonga nyingine nyembamba na ndefu, karibu urefu wa kiganja. Akaichapa kwa nguvu ileile. Ikayumba tangu mwanzo, ikaanguka. Akaichapa kwa nguvu zaidi, mara tatu, nne, ndipo ikasimama.

"Umeona? Fupi inatosheka na mzunguko kidogo. Ndefu inadai mwingi. Sasa njoo tuiulize bunduki yetu inatoa mwingi au kidogo."

Aliiulizaje? Alifunga kitambaa kikavu kwenye ncha ya ile fimbo ya kusafishia, kitambaa kikabana ndani ya mtutu. Kwenye shina la fimbo, karibu na mshikio, akafunga uzi mwekundu wa mama. Akaanza kuisukuma polepole, na fimbo ikawa inazunguka yenyewe, inafuata mifereji. Uzi ulikuwa juu, ukaenda kulia, ukaenda chini, ukarudi juu. Akasimamisha.

"Pima imeingia kiasi gani."

Nikapima kwa mkono wake, si wangu. Shubiri moja na nusu.

"Shubiri moja na nusu kwa mzunguko mmoja," akasema. "Hiyo ndiyo tabia yake mpaka itakapooza. Maharage yake ni ya uvivu, yanapanda taratibu. Zipo bunduki zinazozungusha mara moja kila shubiri moja, hizo zinabeba risasi ndefu. Hii yetu ukiipa ndefu utaiona."

"Kwa nini wasitengeneze zote za kuzungusha sana?"

"Ukizidisha nako kuna hasara. Risasi yenye kasoro kidogo, imenona upande mmoja, ukiizungusha mno kasoro inaonekana zaidi. Kila mtutu na risasi yake, binti yangu."

Wakati huo alikuwepo jirani yetu, mzee wa Kibarbaig mwenye ng'ombe wengi, mtu mrefu wa shuka nyeusi, rafiki yake na mtani wake. Alikuwa akija kwa ajili ya asali, maana baba mdogo alikuwa na mizinga. Alisikiliza yote hayo ameegemea mkuki.

"Ninyi Wambulu," akasema, "mkuki wangu nao unazunguka, nauzungusha kwa vidole nikiutupa. Na sikwenda Arusha kufagia."

"Ndiyo maana nyani wanakuja kwangu," baba mdogo akajibu. "Kwako hakuna wanachokitaka, ila harufu ya samli."

Walikuwa hivyo wale wazee.

Zamani risasi zilipatikana mahali pamoja, kwa utaratibu mmoja, na zilikuwa za aina ileile. Kichwa kifupi, butu. Baba mdogo alikuwa anaweza kuzitambua gizani kwa kidole. Halafu soko likafunguliwa. Sisemi lilikuwa baya lote. Tulipata sabuni bila foleni, tukapata betri, mitumba, sufuria za kila saizi. Lakini kila mtu mwenye gari akawa mfanyabiashara, na kila mfanyabiashara akawa anajua kila kitu. Mwenye duka wa Dongobesh alikuwa anauza misumari, dawa za mifugo, nguo za harusi, na chini ya meza risasi alizoleta mwenyewe kutoka mjini. Ukimwuliza hii ni ya nini, jibu lipo kabla hujamaliza kuuliza.

Mwaka ule mkoa wetu mpya ulikuwa ndio umeanza, watu wanajifunza kusema Manyara badala ya Arusha. Mahindi yalikuwa mazuri na nyani wakaja wengi. Baba mdogo alibakiwa na risasi moja tu ya zamani, na goti lake lilikuwa limevimba, hawezi safari. Mtendaji akajitolea, atakwenda Dongobesh na kitabu cha leseni.

Baba mdogo akanipa ile risasi moja iliyobaki. "Ishonee kitambaani isipotee." Nikaishona ndani ya kipande cha kanga kwa uzi mwekundu, mishono midogo, nikampa mtendaji.

"Mtendaji," baba mdogo akamwambia, "nisikilize vizuri. Usiangalie namba ya kwenye ganda peke yake. Fungua hii, weka pamoja na zao, linganisha urefu wa kichwa. Ikiwa chao ni kirefu, rudi mikono mitupu."

"Mzee, nimeelewa. Mimi si mtoto."

Alirudi kesho yake na risasi kumi kwenye boksi jipya lenye picha ya swala. Kifurushi changu akanirudishia mkononi, nikakitupa kwenye debe la mbegu za maharage ghalani, sikukiangalia. Huyo ndiye mkosaji wa tatu, mwenye mikono hii inayoandika. Ningekigeuza tu ningeona.

Baba mdogo akatoa risasi moja kwenye boksi, akaiviringisha kidoleni.

"Hii ndefu."

"Mzee, namba ni zilezile," mtendaji akasema. "Nimelinganisha. Mwenye duka amesema ndizo za kisasa, zinaua vizuri zaidi. Watu wanasubiri. Jana nyani wamemaliza robo eka ya mama mjane pale bondeni."

"Umelinganisha na ile yangu?"

"Si nimekwambia nimelinganisha?"

Baba mdogo alikuwa na desturi, risasi mpya hujaribiwa kwenye ubao kwanza, hatua mia, mara tatu. Siku ile hakufanya hivyo. Goti linauma, watu wako uwanjani, mtendaji amesimama juu yake. Akapiga mara moja tu, hatua thelathini. Nilikwenda kuuangalia ubao. Pale juu kulikuwa na tundu la zamani, mviringo safi. Chini yake lile jipya, mahali hasa alipolenga, ila halikuwa la mviringo. Lilikuwa limevutika kidogo upande mmoja.

"Baba, hili ni refu," nikasema nikimletea.

Akauchukua ubao akautazama. Akapitisha kidole.

"Ubao umeoza," akasema. "Rudisha ghalani."

Asubuhi iliyofuata tukawatoa nyani. Utaratibu wetu ulikuwa huu: sisi tunatoka upande wa chini na madebe, tunapiga kelele, nyani wanapanda kuelekea mawe ya juu, baba mdogo yuko ubavuni kwenye kichuguu. Akipiga filimbi wote tunakaa chini palepale, kimya, hakuna anayenyanyua kichwa. Nyani dume anapenda kusimama juu ya jiwe atuangalie, atutukane, na hapo ndipo anapopigwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kupata hata mkwaruzo.

Filimbi ikalia. Nikakaa. Nilikuwa mbali, kupita lile jiwe la dume ukitazama kutoka kwenye kichuguu, na pembeni hatua kama kumi na tano. Hapo hata angekosea kama mtu wa kujifunza asingenifikia. Nikasikia mlio, na kabla ya mlio kuna kitu kilipita kikivuma kama nyuki mkubwa, si mluzi wa risasi nilioujua. Mguu ukasukumwa. Nilidhani nimepigwa teke na punda.

Aliyenibeba ni baba mdogo, na goti lile. Alinibeba mpaka barabarani, hataki kunikabidhi mtu. Alikuwa anahesabu hatua zake kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa sauti ndogo, moja mpaka kumi, anaanza tena.

Hospitalini daktari aliitoa. Mfupa ulikuwa umepasuka ila haukuvunjika vipande, kwa sababu risasi ilifika imechoka. Aliishika kwa koleo akamwonyesha mama.

"Hii imeingia kwa ubavu," akasema. "Kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Sijaona hivi mara nyingi."

Mama hakuelewa. Mimi nilisikia, nikalala nayo moyoni wiki nyingi.

Kule nyumbani mtendaji akaandika karatasi. Aliandika kwamba mzee alikuwa amelewa. Kweli siku mbili kabla kulikuwa na harusi kwa jirani na baba mdogo alikunywa kibuyu kimoja kama kila mtu, mtendaji mwenyewe alikunywa viwili. Bunduki ikapelekwa polisi Katesh pamoja na zile risasi zilizobaki, faili likaenda Babati. Kuhusu safari ya Dongobesh karatasi haikusema neno. Ningekuwa mimi nimenunua risasi zisizo sahihi labda na mimi ningetafuta kibuyu cha kusingizia, lakini sikuwa mimi.

Halafu kikaja kile kilichomuumiza zaidi ya polisi. Kwa desturi yetu, mtu aliyemwaga damu ya ndugu, hata kwa bahati mbaya, yuko kwenye metimani. Anatengwa. Hapiti njia ya watu, hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, hashikani mikono na mtu, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa wengine, mpaka wazee wamwoshe. Kanisani walisema mambo hayo yamekwisha. Majirani hawakubisha, walibadilisha njia tu. Niliporudi kwa magongo mawili nilikuta mama amewekewa ua wa miiba katikati ya uwanja wetu, upande huu sisi, upande ule baba mdogo. Alikuwa amejichimbia kisima chake kwenye mchanga wa korongo. Alikuwa anapika mwenyewe. Nilikuwa nauona moshi wake asubuhi na jioni, na siku moshi ukichelewa sikuweza kula.

Kuoshwa si jambo kubwa kama kisa ni bahati mbaya. Lakini karatasi ya mtendaji ilikuwa imesema pombe, na aliyemwaga damu kwa pombe ni habari nyingine. Wazee wengine walitaka ahame, aende mbali, arudi Endagikot au popote. Wakaweka siku ya kukaa na kuamua. Yeye mwenye umri ule, na goti lile, na mizinga yake. Angekufa njiani, ndivyo nilivyoona.

Aliyekuwa akimtembelea ni mmoja tu, yule mzee wa Kibarbaig. Alikuwa anaruka ule ua wa miiba kama kijana, anakaa naye kivulini.

"Wewe huogopi?" nilimsikia baba mdogo akimwuliza.

"Niogope nini? Hiyo desturi ni yenu, mimi hainijui. Nipe asali. Tangu wakutenge nimekuwa nakula peke yangu, sigombani na mtu."

"Kwa hiyo unaomba nisioshwe."

"Naomba uoshwe baada ya msimu wa asali."

Nilicheka nyuma ya ua mpaka jeraha likauma.

Wiki ya kikao nilikwenda ghalani kuchukua mbegu. Nilifungua debe, mkono ukagusa kitambaa. Kifurushi changu. Nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Uzi mwekundu, mishono yangu, yote ipo. Haukukatwa hata mmoja. Yule mtu alisema amelinganisha.

Nikakaa juu ya gunia. Na nilipoinua macho nikauona ubao, umeegemea ukuta, jua linapita matundu mawili. Moja lilitupa sakafuni alama ya mviringo. La pili lilitupa alama ndefu. Nikafunua gauni nikabandua bandeji yangu, ambayo kwa wakati ule ilikuwa kipande kidogo tu, nikatazama kovu lililoanza kufunga, nalo refu. Ndipo nikayaweka pamoja: pia ndefu, shubiri moja na nusu, maneno ya daktari. Ile risasi ilikuwa ndefu kwa mtutu wetu. Kwa hatua thelathini ilikuwa imeshaanza kuyumba. Kwenye hatua mia na zaidi ilikuwa inabingirika kama jiwe la mtoni, ikaenda inakotaka.

Nilijikokota hadi kwenye ua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usisogee zaidi ya hapo, watu wataona."

Nikamwonyesha kifurushi, nikainua ubao. Aliutazama muda mrefu kuliko kifurushi.

"Sasa hawatasema pombe," nikasema. "Mtendaji hakufungua. Na ubao unaonyesha risasi ndiyo mbovu."

"Risasi si mbovu. Kwa mtutu mwingine ni nzuri. Haikuwa ya kwetu." Akaunyooshea ubao kidole. "Ukiutoa huo ubao watauliza nani aliuona kabla ya siku ile."

"Nitasema mimi niliuona."

"Wewe ulisema ni refu. Mimi nikasema umeoza."

"Hilo hawalijui, baba. Tunajua wawili. Kifurushi kinatosha, ubao niuchome."

Nilimaanisha. Kuni zilikuwa pale karibu.

"Nilijua," akasema. "Kidole changu kilijua. Nikaona watu wanasubiri, nikaona aibu kusema tena hapana. Mtu akioshwa na amebakiza kitu mdomoni, ameloweshwa tu. Lete ubao."

Siku ya kikao wazee walikaa chini ya paa la ghala kwa sababu ya jua, baba mdogo kaketi mbali peke yake kwenye gogo. Mtendaji alikuja na daftari. Mzee wa Kibarbaig naye akaja, hakuitwa, akasimama nyuma. Nikatoa kifurushi. Mzee aliyeongoza kikao akakichunguza mshono kwa mshono, akamwuliza mtendaji kama ndicho alichopewa.

"Ndicho," mtendaji akasema. "Nilikuwa na haraka, mzee. Mwenye duka aliniapia namba ni zilezile."

"Namba ni zilezile?" mzee akarudia. "Na miguu ya mwanangu na yako ni namba moja, lakini viatu vyake havikutoshi."

Kwa nyuma mzee wa Kibarbaig akakohoa kicheko.

Wakakata uzi, ile risasi ya zamani ikatoka, fupi, butu, na ncha yake ikaingia sawasawa kwenye tundu la mviringo. Kisha mzee akataka kujua kama lile tundu refu linafanana na jeraha. Mama akasimama. Sijawahi kumwona akisimama mbele ya wazee bila kuitwa.

"Paja la binti yangu halitazamwi na wanaume," akasema. "Subirini."

Akanishika mkono akanipeleka ndani, akabandua bandeji, akachuma bua la nyasi kwenye paa, akalilaza juu ya kovu, akalikata kwa meno pale kovu lilipoishia. Akatoka nalo akawapa. Mzee akaliweka juu ya tundu refu la ubao. Halikuwa sawa kabisa, bua lilizidi tundu kidogo, maana kwenye ubao risasi ilikuwa ndiyo inaanza kugeuka na kwangu ilikuwa imeshalala. Lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wale ni watu waliotupa mikuki na mishale maisha yao yote.

Mtendaji akafunga daftari. Ningependa kuishia hapo, huyu ameaibika na yule ameshinda. Baba mdogo akaomba kusema.

"Tundu hili nililiona jana yake," akasema kutoka pale kwenye gogo. "Binti aliniambia ni refu. Nikamjibu ubao umeoza. Ubao haukuoza, ni wa mlango tuliotoka nao Endagikot, mnaujua. Sikulewa. Nilijua na nikapiga. Mkinitaja, nitajeni kwa hilo."

Huyo ndiye wa nne. Alitaka atajwe, nimemtaja.

Wazee walizungumza kwa sauti ndogo muda mrefu. Mwisho yule aliyeongoza akasema, "Amemaliza kusema. Hakuna kilichobaki ndani. Tafuteni kondoo wa kumwosha."

Karatasi ya mtendaji haikufutwa, ilibaki kwenye faili na labda ipo hadi leo. Yeye alihamishwa baadaye akapata kata kubwa zaidi. Mwenye duka wa Dongobesh nilimwendea mwenyewe, kwa gongo moja, nikamwonyesha ile risasi fupi. Aliniambia, "Mama, wateja wengine hawajalalamika." Sasa ana maduka mawili. Sijanunua kwake hata kiberiti. Bunduki baba mdogo hakuifuata. Watu walipomsihi aiombe polisi aliwaambia watengeneze ngoma kubwa zaidi, na nyani wakaendelea kula sehemu yao. Ubao ni mlango wa banda la kuku wangu. Asubuhi vifaranga wanachungulia kwenye matundu yale yote mawili.

Lakini ile siku ya kuoshwa ilipokwisha, ua wa miiba ukatolewa, baba mdogo akasema anataka kwenda chemchemi. Nikamfuata. Alipiga magoti kwa shida, akanywa kwa viganja, akanywa tena, akajimwagia usoni. Wanawake waliokuwa wakichota walisubiri mpaka akamaliza, kisha mmoja akamwamkia, na wengine wote wakafuata, shikamoo, shikamoo, na yeye akajibu marahaba kwa kila mmoja, polepole, hamruki hata mmoja.

Tukarudi kwa njia ya watu wote. Yeye na goti la kulia, mimi na paja la kushoto. Mzee wa Kibarbaig alikuwa anatusubiri pembeni na mkuki wake.

"Tazama hawa," akasema. "Mmoja anainama huku, mwingine kule. Ninyi wawili mkifungwa pamoja mtatoka mtu mmoja mzima."

"Asali imekwisha," baba mdogo akamwambia. "Sasa nina watu wa kula nao."

Akanishika bega, tukaendelea kupanda.